Kujifunza rangi za mafuta kwa kunakili The Hay Wain: mwongozo kamili kwa anayeanza Dar es Salaam

Ukitaka kujifunza kuchora mandhari kwa rangi za mafuta, unaweza kubeba vifaa vyako hadi vilima vya Pugu au ukingo wa Mto Ruvu na kuanza moja kwa moja. Utakuta jua linahama, upepo unaleta vumbi, na wewe bado hujui hata rangi ya jani lililo kivulini inachanganywaje. Namshauri kila anayeanza atangulie kunakili picha moja ya mandhari ya shamba iliyochorwa na mtu aliyekwisha kuyatatua matatizo hayo, na aifuate tangu ubao mtupu hadi vanishi. Picha iliyotulia mezani haikukimbii. Unaweza kuiuliza swali lilelile kila jioni mpaka ikujibu.

Hapa mjini kunakili si aibu. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora juu ya hadibodi kwa rangi za baiskeli mwaka 1968, vijana waliomzunguka Oyster Bay walijifunza kwa kukaa naye na kufuata alichofanya, na baada ya kifo chake mwaka 1972 mtindo uliendelea kwa njia hiyohiyo. Hata John Constable, mchoraji wa mandhari wa Uingereza ambaye picha yake ndiyo tutakayoifuata, mwaka 1823 alikaa Coleorton, Uingereza, nyumbani kwa mpenzi wa sanaa Sir George Beaumont, akinakili kazi za Claude Lorrain, mchoraji wa mandhari aliyemtangulia. Alikuwa na miaka 47, na The Hay Wain alikwisha kuimaliza.

Ila kunakili kunakofundisha si kule kwa kuhamisha nyumba, mti na farasi kutoka karatasi hadi ubao. Unachonakili ni mpango wa kazi: giza liliwekwa wapi na mwanga wapi, kipi kilitangulia, wapi rangi ni nyembamba na wapi ni nene. Mwongozo wote huu umejengwa juu ya hilo, kwa hiyo usishangae rangi zenyewe zikichelewa kufika.

Kwa nini picha hii

Constable aliichora The Hay Wain mwaka 1821. Ukubwa wake ni sentimita 130.2 kwa 185.4, na iko National Gallery, London, tangu 1886. Ni Mto Stour pale Flatford, mpakani mwa Suffolk na Essex. Kushoto kuna nyumba ya mkulima aliyeitwa Willy Lott. Karibu na katikati, gari la mizigo la kukokotwa na farasi limeingia majini. Ukingoni mbele yupo mbwa anayelitazama. Kulia kuna malisho yanayong'aa, na mbali kabisa, ukisogeza jicho, utawaona wavunaji wa nyasi kama nukta tu. Hakuichora akiwa mtoni. Aliijenga studioni London kutokana na michoro midogo ya huko kwao, tena akatangulia kuchora rasimu ya ukubwa uleule, ambayo leo iko Victoria and Albert Museum. Mtu wa uzoefu ule alifanya rasimu ya karibu mita mbili kabla ya kugusa picha yenyewe, kwa hiyo na wewe usione rasimu kuwa ni kupoteza muda.

Nimeichagua kwa sababu giza na mwanga wake vimegawanyika waziwazi, kijani chake ni shule nzima, na ina maji, anga, jengo na wanyama mahali pamoja. Haki miliki si tatizo: Constable alifariki 1837.

Picha ya kufuatia

Usinakili kutoka kwenye simu. Kioo cha simu kinajizima, kinabadilisha mwanga wake chenyewe, na kinakuzoesha kukuza sehemu moja mpaka unasahau picha nzima. Pakua picha kubwa kutoka tovuti ya National Gallery, uipeleke steshenari wanaoprinti vizuri, utoe nakala mbili za A3: moja ya rangi kwenye karatasi nene, nyingine ya rangi nyeusi na nyeupe. Mwambie anayeprinti aiweke picha iwe sentimita 28 kwa 40, asiinyooshe ijaze karatasi. Ukilinganisha na printi nyingine utaona rangi hazifanani. Chagua ile ambayo vivuli vya miti bado vina kitu ndani yake, si weusi mtupu.

Nakala nyeusi na nyeupe ndiyo utakayoitazama zaidi wiki ya kwanza.

Ubao

Kwa kazi ya kwanza napendelea ubao kuliko kanvasi. Kanvasi za bei nafuu mara nyingi zimelegea na zinakunywa rangi. Ubao unatulia chini ya brashi na unaupata mtaani. Nunua hadibodi au MDF kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Kariakoo, au nenda kwa mafundi samani wa Keko uombe kipande. Kikatwe sentimita 35 kwa 50. Vipimo hivi si vya kubahatisha: vinakaribiana sana na uwiano wa picha halisi, na vinagawanyika vizuri tutakapochora miraba.

Paka jeso, yaani rangi nyeupe ya msingi inayoandaa ubao upokee rangi za mafuta, pande zote mbili na kwenye kingo. Unyevu wa Dar ukiingia upande mmoja tu, ubao unapinda, na ubao uliopinda haurudi. Upande wa mbele upate mikono mitatu, kila mkono ukiwa mwembamba, wa pili ukikatiza wa kwanza. Kila mkono ukikauka, piga msasa namba 220 kidogo tu, kisha futa vumbi. Mwishoni uso uwe na mkwaruzo mdogo sana unapopitisha kidole. Ukiteleza kama kioo, rangi haitashika.

Muuza duka anaweza kukushauri utumie rangi ya maji ya ukutani badala ya jeso. Usikubali. Nyingi zina chokaa nyingi na gundi kidogo, na baada ya muda zinatoa unga chini ya kazi uliyoihangaikia.

Rangi, brashi na mafuta

Dukani ukiomba rangi ya mafuta utapewa kopo la kupakia milango na mageti. Unachotaka ni za tyubu, za wachoraji. Baadhi ya steshenari kubwa za mjini huwa nazo, na wachoraji wenye studio Nafasi Art Space, Mikocheni, ni watu wa kuwauliza nani analeta mzigo mzuri kwa sasa. Majina kwenye tyubu hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo tazama namba ndogo ya rangi iliyoandikwa pembeni, hiyo haidanganyi.

Zinatosha saba: nyeupe ya titani (PW6), bluu ya ultramarini (PB29), njano ya kadmiamu iliyo nyepesi (PY35), oka ya njano (PY42 au PY43), siena iliyochomwa na amba iliyochomwa, ambazo ni kahawia za udongo (zote mbili PBr7), na nyekundu ya kadmiamu (PR108). Nyeupe nunua tyubu kubwa, zingine ndogo. Ukiona neno la kuonyesha kwamba ni mchanganyiko wa kuigiza kadmiamu (kwa kawaida "hue"), si vibaya kwa kuanzia, ila jua haina nguvu sawa.

Kijani cha tyubu usinunue kabisa. Sababu itafika.

Brashi: tatu bapa za nywele ngumu za nguruwe, namba 4, 8 na 12, na moja laini ya duara namba 2. Ongeza kisu cha kuchanganyia rangi. Paleti, yaani kibao cha kuchanganyia rangi, nzuri kuliko zote ni kipande cha kioo kilichosagwa kingo, ukiweka karatasi ya kijivu chini yake, maana juu ya kioo cheupe kila rangi inaonekana nyeusi kuliko ilivyo.

Kuyeyushia, tumia tapentaini au white spirit. Thina ya selulosi, ile ya mafundi wa kupaka magari, iache: ni kali mno kwa mapafu na inalainisha tabaka la chini. Mafuta ni ya kitani. Mafundi samani huyaita linsidi. Chukua yaliyosafishwa kwa ajili ya wachoraji ukiyapata, kwa sababu yale ya samani yaliyochemshwa yanageuka manjano haraka zaidi.

Sasa jambo ambalo naomba ulichukulie kwa uzito wote. Mafuta ya kitani hayakauki kwa kuvukizwa kama maji. Yanashika hewa ya oksijeni na kugeuka kuwa utando mgumu, na katika kufanya hivyo yanatoa joto. Tambara lililolowa mafuta hayo, likakunjwa na kutupwa kwenye kona au kwenye kapu la taka, linaweza kukusanya joto hadi kuwaka moto lenyewe, bila kiberiti. Katika vyumba vyetu vya kupanga, vyenye magodoro na mapazia karibu, hili ni hatari ya kweli. Kila siku ukimaliza, tandaza matambara nje yakauke yakiwa yamefunguka, au yatumbukize kwenye kopo la chuma lenye maji na kulifunika. Tapentaini chafu usiimwage sinki: iache itulie kwenye chupa, uchafu utazama, ile safi ya juu utaitumia tena. Dirisha liwe wazi. Na usile ukiwa na kadmiamu vidoleni. Nawa kwa sabuni kwanza.

Mwanga wa chumba

Vitabu vya Ulaya vinasema chora karibu na dirisha linalotazama kaskazini, kwa sababu kwao jua halipiti upande huo. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na ushauri huo ukiufuata kama ulivyo utakuharibia kazi. Kuanzia mapema Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba, jua la mchana kwetu liko upande wa kaskazini. Katika miezi hiyo dirisha la kusini ndilo lenye mwanga uliotulia. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwisho wa Februari, geuza. Ukiwa na dirisha moja tu, chora saa ambazo jua haliingii ndani na utundike kitambaa cheupe kuvunja makali.

Usiku taa moja ya balbu nyeupe iangaze ubao na paleti kwa pamoja. Balbu ya manjano itakufanya uzidishe bluu, na asubuhi utalikuta anga limepoa kuliko ulivyolitaka. Feni isielekezwe kwenye ubao.

Ardhi ya rangi na miraba

Ubao mweupe unadanganya jicho: kila rangi unayoiweka inaonekana giza, nawe unaogopa giza. Constable mara nyingi alianzia juu ya ardhi, yaani tabaka la kwanza linalofunika ubao wote, yenye rangi ya joto. Changanya siena na amba kidogo, yeyusha kwa tapentaini mpaka iwe kama chai ya rangi, paka ubao wote, kisha futa kwa tambara mpaka ubaki na kahawia nyepesi inayopitisha mwanga. Acha siku mbili.

Juu ya printi chora miraba ya sentimita 4. Itatoka mistari 7 ya miraba kwenda chini na safu 10 kwenda kulia, jumla 70. Kwenye ubao chora miraba ya sentimita 5. Utapata idadi ileile. Penseli ipite kidogo tu. Weka herufi kwenye safu na namba kwenye mistari, ili ukisema nyumba inaanzia B4 ujue uko wapi.

Chora kwa brashi namba 2 na amba iliyoyeyushwa, usitumie mkaa wa kupikia. Una mchanga na unakwaruza jeso. Anza na mistari mikubwa minne: mstari wa mbali ambapo malisho yanakutana na miti, ukingo wa maji, umbo la kundi la miti kama donge moja, na paa la nyumba. Farasi na mbwa wape visanduku tu kwa sasa. Kisha geuza ubao na printi vyote juu chini uvilinganishe. Makosa ya vipimo yanajitokeza mara moja, kwa sababu jicho limeacha kusoma nyumba na limeanza kuona maumbo.

Waliojifunzia mtindo wa Tingatinga wana mkono mzuri wa mstari, na hapa mkono huo unahitaji zoezi jingine. Katika tingatinga mstari ndio unaotenga mnyama na mandhari yake. Katika picha hii mti hauna mstari popote. Unaishia pale giza lake linapokutana na mwanga wa anga, na mahali pengine unapotelea humohumo. Mistari yako ya amba ni ya muda, yote itazama.

Giza na mwanga kabla ya rangi

Hapa ndipo picha inapopatikana au kupotea. Weka kando nakala ya rangi. Mbele yako ibaki ile nyeusi na nyeupe.

Kwa amba na tapentaini peke yake, jenga picha nzima katika ngazi tano za giza. Giza kabisa: chini ya miti, kivuli kando ya nyumba, matumbo ya farasi. La pili: miti kwa ujumla na ukingo wa karibu. La tatu: maji yaliyo kivulini na paa. La nne: malisho na mawingu ya kijivu. La tano ni ardhi yenyewe, au pale unapofuta kwa tambara: mawingu meupe, kuta za nyumba, mng'ao wa maji. Tumia brashi kubwa namba 12 mpaka itakaposhindwa kabisa, ndipo ushuke hadi namba 8.

Finya macho unapotazama. Ukifinya, majani yanatoweka na yanabaki madoa matano au sita makubwa. Madoa hayo ndiyo yanayoifanya picha isomeke kutoka upande wa pili wa chumba. Wengi wanaoanza wanakwepa giza. Miti yao inatoka ya kijivu na malisho hayang'ai, halafu wanajaribu kuyang'arisha kwa njano zaidi, na njano haisaidii kitu. Malisho ya Constable yanawaka kwa sababu yamekalia giza la miti. Kabla ya kuendelea, piga picha ya ubao wako kwa simu, ibadilishe iwe nyeusi na nyeupe, uiweke kando ya printi. Kazi hii moja ndiyo simu inaifanya vizuri. Kama madoa hayalingani, rekebisha leo, siyo baada ya rangi.

Amba hukauka haraka. Kwa joto letu siku mbili tatu zinatosha.

Anga

Anga lichorwe siku moja, mbichi juu ya mbichi, yaani rangi juu ya rangi ambayo haijakauka. Kwa Constable anga halikuwa pazia la nyuma. Alishikilia kwamba ndilo linaloweka sauti ya picha nzima, na mwaka huohuo wa 1821 na uliofuata alikuwa Hampstead, London, akichora mawingu mfululizo na kuandika hali ya hewa nyuma ya michoro.

Bluu ni ultramarini na nyeupe, na chembe ya amba kuituliza. Kijivu cha mawingu ni ultramarini na siena, ukipima moja dhidi ya nyingine: siena ikizidi wingu linapata joto, bluu ikizidi linapoa, kisha nyeupe. Changanya vijivu vitatu kabla ya kugusa ubao. Sehemu nyeupe za wingu usizipake nyeupe ya tyubu peke yake. Tia oka kidogo sana. Kingo za wingu zilizo juu ziwe kali kiasi, matumbo yake yayeyuke. Karibu na upeo wa macho, anga liwe jepesi na lenye joto zaidi. Anza na vijivu, kisha bluu kwenye mianya, nyeupe nene mwishoni, na ukishaiweka iache. Brashi ikirudi mara tano juu ya nyeupe hiyo, wingu linageuka uji.

Kijani

Mchoraji Mfaransa Eugène Delacroix aliandika katika shajara yake maelezo ya Constable kuhusu kijani cha malisho yake: ubora wake unatokana na kuwa na vijani vingi mbalimbali ndani yake, si kimoja kilichotandazwa. Ndiyo sababu nilisema usinunue cha tyubu. Ukiwa nacho, mkono utakichovya kila mara, na shamba zima litakuwa na rangi ya mlango wa duka.

Kabla ya kugusa miti, chukua kipande cha ubao chenye jeso ufanye chati ya miraba 20. Mstari wa kwanza: kadmiamu ya njano na ultramarini, kutoka njano nyingi hadi bluu nyingi, hatua tano. Wa pili: oka na ultramarini, hatua tano. Wa tatu: rudia wa kwanza ukiongeza siena kila mraba. Wa nne: rudia wa kwanza ukiongeza nyeupe. Itakuchukua jioni nzima, na ukimaliza utagundua kwamba karibu miti yote ya The Hay Wain inatoka mstari wa pili na wa tatu, ile ambayo kwenye paleti inaonekana kama matope. Kijani cha wazi kinahitajika mahali pachache sana.

Tazama kwa makini kundi la miti lililo nyuma ya nyumba. Ndani ya giza lake kuna sehemu inayoelekea kahawia, sehemu inayoelekea bluu, na juu, majani yanayopata jua yana njano iliyochoka. Anza na giza: ultramarini, siena, na oka kidogo, ipakwe nyembamba kiasi kwamba ardhi ya kahawia inachungulia. Hapo hapo ukiwa na rangi mbichi, weka kijani cha kati kwa kugonga ubavu wa brashi namba 8, ukifuata mwelekeo wa matawi. Usichore jani. Chora donge la majani, halafu mianya ya anga ndani ya mti, na mianya hiyo iwe na giza kidogo kuliko anga lenyewe, maana ikiwa sawa inaonekana kama karatasi iliyobandikwa.

Malisho ya kulia ni njano ya kadmiamu, oka, nyeupe na chembe ya bluu. Chembe kweli: ultramarini ya ncha ya kisu inatosha. Ukienda mbali, punguza njano, ongeza nyeupe na kijivu cha anga. Miti ya mbali ichanganywe kutoka rangi zilezile zilizobaki za mawingu. Ndiyo itakayoipeleka nyuma.

Ukiona kijani chako bado kinapiga kelele, tia nyekundu kidogo. Nyekundu na kijani zinatulizana zikichanganywa, na zinachochezana zikikaa jirani. Constable alitumia njia zote mbili, kama utakavyoona kwenye farasi.

Maji, nyumba, gari na mbwa

Maji yanarudisha anga, ila hafifu zaidi, na kando ya nyumba na miti yanarudisha kahawia na kijani cha giza. Paka vivuli vya maji kwa viboko vya wima kwanza, kisha pitisha viboko vichache vya ulalo vyenye rangi ya anga. Vichache. Mto huu ni wa kina kifupi na umetulia. Maji yakijaa mistari ya ulalo yanakuwa bahari ya Coco Beach.

Kuta za nyumba ni nyeupe yenye oka na kijivu, paa ni siena na amba na nyekundu kiasi. Kuta zisiwe angavu kuliko wingu jeupe kuliko yote.

Gari na farasi viache mpaka vyote vilivyovizunguka viwe vimekauka. Chora kwanza nafasi iliyo kati ya miguu na kati ya spoku za magurudumu, siyo miguu na spoku. Utapata umbo sahihi kwa kazi ndogo. Kisha fika kwenye matandiko ya farasi. Hapo kuna nyekundu, madoa madogo tu, katikati ya ekari za kijani. Ziba kwa kidole kwenye printi yako uone: picha yote inazubaa. Ondoa kidole, kijani kinaamka. Tumia kadmiamu nyekundu safi, brashi ndogo, mguso mmoja kwa kila doa, bila kurudia.

Mbwa ni viboko visivyozidi kumi. Usimpe macho wala ndevu; mpe mgongo unaopata mwanga na kichwa kilichoelekea gari. Katika rasimu kubwa kulikuwa na mtu juu ya farasi karibu na hapo, na kwenye picha ya mwisho Constable alimwondoa. Alijaribu kuweka pipa mahali pake, nalo akalifunika, na leo kivuli cha pipa hilo kimeanza kuonekana kwa sababu rangi ya mafuta huzidi kupitisha mwanga inavyozeeka. Ukitaka kufuta kitu kwenye kazi yako, kikwangue kwa kisu kikiwa kibichi, usitegemee kukifunika.

Mwisho ni vimulimuli vyeupe: kwenye majani, maji, na kingo za gari. Wakosoaji wa wakati ule waliviita theluji ya Constable. Ni rangi nene isiyoyeyushwa, inayoguswa kwa ncha ya brashi au kisu. Viweke kwa muda wa nusu saa, kisha acha.

Tabaka na kukauka

Kanuni ni moja: tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini. La amba liwe na tapentaini tu. La pili rangi kama ilivyotoka kwenye tyubu. La tatu na marekebisho, ongeza matone mawili matatu ya mafuta ya kitani kwenye rundo la rangi. Ukigeuza mpangilio, tabaka la juu linakauka kwanza, la chini linaendelea kusogea, na nyufa zinafuata.

Joto letu linaharakisha kukauka, unyevu wa masika unachelewesha. Sehemu zenye nyeupe nyingi zinaweza kudai wiki nzima au zaidi. Gusa kwa upande wa kidole, kikinata, subiri. Usiuanike ubao juani ili ukauke haraka, kwa kuwa ngozi ya juu itakunjamana. Badala yake, uegemeze ukutani ukiwa umeinama kwa mbele, uso ukitazama chini kidogo, na boksi wazi juu yake, ili vumbi na mbu visinase.

Sahihi, vanishi na kutundika

Mbele weka sahihi yako ikiwa utaiweka. Nyuma andika kwa maandishi yanayosomeka: nakala ya John Constable, The Hay Wain, 1821, kisha jina lako na mwaka. Ukiiuza au kuitoa zawadi, anayeipokea ajue ameshika nini.

Ukihitaji kuanza kazi yako mwenyewe, piga picha Pugu au Ruvu asubuhi wakati vivuli ni virefu, iprinti nyeusi na nyeupe kwa kipimo kilekile cha 28 kwa 40, na upite hatua hizihizi kwa miraba ileile. Chati ya kijani itakuhudumia, ila utahitaji kuongeza mstari wa tano wenye siena na nyekundu zaidi kwa udongo wetu, na mawingu ya masika ni mazito kuliko ya Suffolk.

Vanishi ya mwisho isubiri angalau miezi sita. Siku hiyo futa vumbi kwa kitambaa kikavu, laza ubao mezani, funga madirisha vumbi lisiingie, paka mkono mmoja mwembamba kwa brashi pana laini, kisha fungua madirisha harufu itoke. Chagua siku ya kiangazi. Vanishi ikipakwa kwenye hewa yenye unyevu mwingi inaweza kufanya ukungu mweupe.

Tundika mbali na jiko na mbali na ukuta unaotoka jasho wakati wa mvua, ukiacha nafasi ya kidole nyuma ya ubao hewa ipite. Usiifungie kabatini: mafuta ya kitani yakikaa gizani muda mrefu yanageuka manjano. Ikitokea hivyo, itoe sebuleni kwenye mwanga wa kawaida wa mchana, usio wa jua kali, na baada ya wiki kadhaa sehemu kubwa ya umanjano huo itaondoka.